Szpilman wa The Pianist ni shujaa, na si kwa sababu ya bahati

Ndugu uliyeuliza kwa nini Szpilman, yule mpiga piano Myahudi wa Warszawa anayejificha Wanazi katika filamu ya The Pianist, anaitwa shujaa ilhali hapigi risasi hata moja na nusu ya filamu yuko mafichoni, nimesoma majibu ya wenzangu. Wengi wamesema alikuwa na bahati, basi. Nakataa, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu jambo hili linanigusa.

Najua mazoea yetu yametoka wapi. Sisi tuliokulia Nakuru kwenye vibanda vya video tulijua sheria moja tu ya filamu ya vita: staringi hafi. Tulibanana kwenye mabenchi, DJ Afro akitafsiri juu ya milio ya bunduki, na jamaa mmoja akifagia kikosi kizima. Nilizipenda filamu hizo na bado nazipenda. Lakini staringi wa namna hiyo hasikii njaa, hapati homa, na wewe mtazamaji unajua tangu mwanzo kwamba atafika salama. Kubaki hai hakumgharimu kitu. Szpilman hana ahadi hiyo. Ukiacha zile bastola alizosaidia kuingiza ghetto, yaani mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, kazi yake yote ni kuiona kesho, na filamu inatuonyesha kazi hiyo hatua kwa hatua.

Kumbuka pale anapotafuta chakula kabatini, sahani zinaanguka, na jirani anasikia. Sahani tu. Au kile chumba chenye piano, anakaa mbele yake na kuchezesha vidole hewani bila kugusa, kwa sababu sauti moja ingemuua. Roman Polanski, aliyeiongoza filamu hiyo ya 2002, aliponea ghetto la Kraków akiwa mtoto, na mama yake aliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz. Nadhani ndiyo sababu hakuhitaji mabomu mengi kutuonyesha hofu. Alijua kwamba mtu aliyejificha hupigana na vitu vidogo: kikohozi, ubao wa sakafu, kijiko.

Mimi nilijua hivyo kabla ya kuiona filamu. Mwisho wa Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, nilikuwa mvulana wa shule ya msingi. Tulikaa kimya ndani ya chumba chetu cha ploti, kufuli imefungwa kwa nje ili ionekane tumehama. Jiko hatukuwasha. Mama alizifunga sufuria kwa leso zisigongane, akatuonyesha pa kukanyaga, na haja tulifanyia kwenye ndoo. Mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, na kila alipovuta pumzi ya kulia mama alikuwa tayari ameshamweka kifuani. Hakulala. Aligawa kiporo cha ugali kwa matonge, yeye akanywa maji. Vijana walipita uani, wakatikisa mlango, wakaondoka.

Aliyefunga kufuli ile ni jirani yetu, mzee wa jamii ileile ya waliokuwa wakitutafuta. Mama alimkabidhi ufunguo. Hebu fikiria uamuzi huo, wewe na watoto wako ndani, ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine. Alfajiri moja alikuja akafungua, akatuelekeza njia, tukafika uwanja wa maonyesho ambako maelfu ya waliofukuzwa walikuwa wamepiga kambi. Pale kambini kila mtu alimsifu yule mzee, na alistahili, maana alihatarisha shingo yake. Mama aliambiwa, "Una bahati, Mungu amekuhurumia." Sikumsikia hata mmoja akimwambia amefanya kazi.

Ndiyo maana neno "bahati" kwenye majibu yenu limenichoma. Ni kweli, mwaka 1942, familia ya Szpilman ilipokuwa ikipakiwa kwenye treni ya kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka, polisi mmoja alimvuta nje ya umati. Hiyo ni bahati. Lakini kuna miaka baada ya pale: njaa, manjano ya mwili, kuhamishwa nyumba hadi nyumba, kumwamini kila anayebisha. Tunamtukuza yule afisa Mjerumani, Wilm Hosenfeld, aliyemletea chakula na ambaye baadaye alifia kifungoni Urusi mwaka 1952, na ni haki atukuzwe. Sasa mtazame na yule aliye mbele yake: mchafu, anatetemeka, amekumbatia mkebe wa matango, anaulizwa kazi yake na mtu mwenye sare ya waliomwua mama yake. Anasema ukweli, anakaa kwenye piano, anapiga. Kupokea msaada kwa namna ile kunataka moyo.

Nisieleweke vibaya, waliokufa hawakukosa nia. Wazazi wa Szpilman walitaka kuishi kama yeye. Watu zaidi ya 1,100 waliouawa hapa kwetu katika miezi ile walitaka kuishi. Nia peke yake haitoshi kumwokoa mtu, na filamu yoyote inayodokeza kwamba waliokufa walikata tamaa inawakosea.

Kuna aliyetaja Dunkirk, filamu ya 2017 kuhusu wanajeshi wa Uingereza na washirika wao waliozingirwa na Wajerumani ufuoni Ufaransa. Hapo nakubaliana naye nusu. Zaidi ya wanajeshi 338,000 waliokolewa kutoka ufuo ule kati ya Mei 26 na Juni 4 mwaka 1940, na Churchill mwenyewe, waziri mkuu wao, aliwaonya Waingereza wasiuite ushindi. Askari kijana Tommy hana lolote ila kutaka kurudi kwao, na sioni aibu yoyote katika hilo. Lakini tazama kilichotokea ndani ya ile mashua iliyokwama, maji yanaingia kupitia matundu ya risasi. Alex, askari mwenzake, anataka mmoja atolewe nje ili mashua iwe nyepesi, na anamchagua yule kimya, ambaye kumbe ni Mfaransa. Tommy anakataa, ingawa naye anaweza kuzama. Nia ya kuishi ni ileile kwa wote wawili, ila Alex ameshaanza kuilipia kwa maisha ya mwingine. Mpaka uko pale, na mama alikuwa upande wa Tommy: lile tonge lake lilienda kwa watoto.

Kwa hiyo Szpilman namwita shujaa bila kusita, na Tommy pia. Alex hapana, ingawa nilifurahi alipofika nyumbani na kupewa bia dirishani mwa treni badala ya kutemewa mate alivyoogopa. Alikuwa mtoto aliyechoka, na sikutaka afe.