Usimharakishe anayelia: maneno kwa wahudumu wapya wa ushauri

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mmekabidhiwa kazi ya kukaa na watu wanaotoka mbele kutubu, iwe baada ya ibada ya Jumapili au kwenye mikutano ya injili. Hapa Dodoma mikutano hiyo huwa mingi wakati wa kiangazi, watu wakiwa wametoka shambani na viwanja vikiwa vikavu. Mhubiri akimaliza, mnaachiwa watu. Wengine wanalia, wengine wameinamisha vichwa, na wako pia waliofuata rafiki zao tu. Nimekaa katika huduma hii miaka mingi, na kama kuna jambo moja ninaloomba mlishike, ni kwamba mtu aliyechomwa moyo na Roho Mtakatifu asiharakishwe. Sala ya toba huchukua dakika moja au mbili. Toba yenyewe inahitaji nafasi ya kufika kwenye dhambi kwa jina lake, na mara nyingi kwenye mlango wa mtu aliyekosewa.

Mhudumu mpya akiona machozi hutaka kuyafuta. Anasema, "Usilie, Yesu amekusamehe," kabla hajajua mtu analilia nini. Anafanya hivyo kwa huruma, lakini anakatiza kazi ya Mungu. Siku ya Pentekoste watu walichomwa mioyo yao, wakauliza, "Tutendeje, ndugu zetu?" Petro akawajibu walichouliza. Nawe ngoja swali. Kaa kimya kidogo. Mwenye huzuni itokayo kwa Mungu atasema mwenyewe, na ukimsikiliza utaona anakwenda mahali mahususi: jina la mtu, fedha fulani, usiku fulani.

Hapo ndipo mtajifunza kutofautisha mambo mawili yanayofanana sana kwa nje. Paulo anayataja katika Wakorintho wa Pili 7:10, huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu na huzuni ya dunia. Mimi huwapeleka wahudumu wapya kwa wafalme Sauli na Daudi, kwa sababu wote wawili walitamka, "Nimekosa." Sauli, katika Samweli wa Kwanza 15, akaongeza mara hiyo hiyo ombi kwamba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake. Alichoogopa kupoteza kilikuwa heshima. Daudi alipokemewa na nabii Nathani kwa kuzini na Bathsheba, mke wa mtu, hakujitetea wala hakumtaja mwanamke kuwa chanzo. Basi mtu akikwambia, "Nimetubu, ila naomba mchungaji asijue, na yule binti naye alikuwa ananifuatafuata," usimkemee. Lakini usimwambie pia kwamba kazi imekwisha. Mwulize taratibu: kama jambo hili lisingejulikana kamwe, bado ungetaka kuliacha? Swali hilo limefungua mioyo mingi mbele yangu.

Kuna pia sauti ya mshitaki, yaani Shetani. Roho Mtakatifu anapomhakikishia mtu dhambi, hutaja dhambi na huonyesha njia ya kutokea. Mshitaki husema maneno mapana: wewe ni mchafu, wewe umelaaniwa, watu kama wewe hawaokoki. Mtu aliyelemewa na sauti hiyo anaweza kutubu kila mkutano kwa miaka bila kutaja lolote. Msimwongoze sala nyingine. Fungueni naye Yohana wa Kwanza 1:9, asome yeye mwenyewe kwa sauti, kisha mwulize ni dhambi ipi ambayo mstari ule haukuitaja.

Na hapa niseme jambo linalohitaji ujasiri kulisema kanisani. Mkimpata mtu asiyelala wala kula kwa siku nyingi, anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru, au anayeshikilia kwamba Mungu amemkataa hata mkimsomea Biblia nzima, usiku huo asiachwe peke yake, na kukicha asindikizwe hospitali. Tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe hapa hapa mjini. Najua jina hilo linavyotumika mitaani kama tusi, na linanisikitisha kila ninapolisikia, maana limewazuia watu wengi kupata matibabu. Kumpeleka mgonjwa Mirembe na kuendelea kumwombea ni huduma moja. Msimwongezee mtu mgonjwa mzigo wa toba kwa ugonjwa ambao hakuuchagua.

Sasa nirudi kwenye mlango wa aliyekosewa, maana wengi wetu tunaishia njiani kabla ya kuufikia.

Wazee wetu wa imani katika mkoa huu walikuwa wakali kwa jambo hili, na walikuwa na furaha pia. Uamsho uliotokea Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ulienea hadi Tanganyika, na ndugu wa uamsho waliita maisha ya kukiri dhambi waziwazi kutembea nuruni. Askofu Yohana Omari, Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika, mwaka 1955, katika Dayosisi ya Central Tanganyika yenye makao yake hapa Dodoma, alikuwa mtu wa uamsho huo. Festo Kivengere, aliyekuja baadaye kuwa askofu wa Kigezi kule Uganda, alifundisha shule hapa Dodoma kabla ya uhuru. Watu wa kizazi hicho wakitubu walirudisha vitu: majembe, ng'ombe, fedha za mwajiri. Walikwenda kwa miguu kuomba radhi. Hakuna aliyefikiri kwamba analipia wokovu wake. Walikuwa wamesamehewa, ndiyo maana waliweza kwenda.

Leo dhambi za mji wetu zimebadilika sura. Serikali ilipohamia hapa kuanzia 2016, ardhi ilipanda bei, na mtakutana na mtu aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Mtakutana na mtumishi aliyesaini posho ya safari ambayo hakwenda, na mwanafunzi aliyelipa mtu amwandikie tasnifu. Watakuja wakisema, "Niombee, nimekuwa mbali na Mungu." Ni kweli walikuwa mbali, lakini maneno hayo ni blanketi. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na watoza ushuru wafanye nini, hakuwapa jibu la jumla. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaambia wasidhulumu mtu, na watosheke na mishahara yao. Kila kundi lilipata jibu la kazi yake.

Namkumbuka dalali mmoja wa viwanja aliyekuja akitetemeka. Alikuwa ameuza eneo la mjane mara ya pili, na fedha ameshazila. Tulikaa naye jioni kadhaa. Hakuwa na uwezo wa kulipa zote, na ndugu mmoja kati yetu akapendekeza atoe sadaka nono kanisani yaishe. Nilikataa. Fedha ya mjane haiwezi kuwa sadaka. Tulimsindikiza hadi kwa yule mama, akakiri mbele ya wanawe, wakaandikiana kwa mtendaji wa mtaa jinsi atakavyolipa kidogo kidogo kila mwezi. Mama hakumkumbatia. Alimwambia, "Nimekusikia," basi. Nawaeleza hili ili msimwahidi mtu kwamba akikiri atapokelewa kwa vifijo. Aliyekosewa ana haki ya kuumia, na msamaha wake msiusukume.

Msiahidi pia kwamba hakutakuwa na matokeo. Anayetaka kurudisha fedha ya umma atahitaji kumwona mhasibu apewe kumbukumbu namba ya kulipia, na huenda akaitwa kujieleza kwa mwajiri. Daudi alisamehewa, na bado nyumba yake ilipita kwenye maumivu. Mwambieni mtu ukweli huo mapema, kisha nendeni naye kama atataka. Kwenda pamoja ni nusu ya ushauri.

Lakini kukiri kuna mipaka yake. Dhambi ikiriwe mahali ilipofika. Iliyofanywa mbele za Mungu tu iungamwe kwa Mungu, na kwa ndugu mmoja mwaminifu kama inamzidi nguvu. Iliyomuumiza mtu ipelekwe kwa mtu huyo. Iliyoaibisha kanisa, wazee wataamua itasemwaje mbele ya kanisa. Msimpe mtu kipaza sauti ataje majina ya aliozini nao. Nimeona ndoa za watu ambao hata hawakuwepo zikivunjika kwa ushuhuda wa namna hiyo. Uzinzi uliofichwa kwa mwenzi ni suala la mchungaji, faragha na muda. Na mkisikia mtoto ameumizwa au anaendelea kuumizwa, hapo hakuna siri: mtoto alindwe kwanza, na jambo lifike ustawi wa jamii na polisi, hata kama aliyetubu ni mzee wa kanisa.

Mengine yote mliyoambiwa na mtu, yabaki kwenu. Msiyageuze kuwa maombi kwenye kundi la simu, hata bila kutaja jina. Dodoma ni mji mdogo kuliko unavyoonekana.

Yule aliyerudi dhambini, pokeeni kama mlivyompokea mara ya kwanza, ila mwulizeni safari hii ni mlango gani alioacha wazi. Mlevi hataacha pombe akiendelea kulala juu ya kilabu.

Swali la mwisho ninaloulizwa sana na wahudumu wapya: itakuwaje aliyekosewa akiwa amekufa? Sheria ya Musa ililiona hilo. Hesabu 5 inamtaka mkosaji akiri, arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, na kama aliyekosewa hana jamaa wa karibu wa kupokea, malipo yawe ya Bwana kwa kuhani. Kwa hiyo anzeni kwa kutafuta warithi. Ulizeni kijijini alikotoka, ulizeni kwa mtendaji, ulizeni kanisani kwake. Wengi hupatikana. Wakikosekana kabisa, hapo ndipo fedha hiyo inaweza kupelekwa kwa Bwana.