MAMA MLEZI ANAJIBU: Binti kanyimwa shela, kijana anaendelea kupiga kinanda

*Shikamoo Mama Mlezi. Mimi ni mama wa watoto wanne niko Arusha. Binti yangu wa pili ana miaka 23, alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana, mwaka huu akapata mimba ya kijana wa humo humo kanisani, ndo anayepiga kinanda. Kijana hakukataa, alikuja na wajomba zake, barua ya posa ikaletwa, na mbele ya wazee wa kanisa alikiri kwa mdomo wake. Lakini Jumapili iliyofuata kwenye matangazo likasomwa jina la binti yangu peke yake, kwamba yuko chini ya nidhamu, hashiriki Meza ya Bwana na haimbi mpaka atubu mbele ya usharika. Kijana alikuwa amekaa pale pale kwenye kinanda na ndo alipiga wimbo wa kutokea. Sasa tumeomba ndoa, tumeambiwa itafungwa Alhamisi, hamna shela, hamna gauni jeupe, hamna kwaya. Nikauliza na bwana harusi je, nikaambiwa yeye avae tu suti yake. Majirani wananiambia nihamie makanisa ambayo hawaulizi ulizi. Nina makosa kukasirika?*

Marahaba mdogo wangu. Huna makosa. Naanza na hilo kabla ya lingine lolote maana najua umeshaambiwa na wengi kwamba mzazi mcha Mungu angenyamaza tu abebe aibu yake.

Ila nieleze nasimama wapi, kwa sababu wapo watakaosoma hapa waseme Mama Mlezi naye kashaanza mambo ya kisasa. Uasherati ni dhambi. Ulikuwa dhambi enzi za bibi yangu na leo ni dhambi, na kanisa linaloona aibu kulisema hilo limeacha kazi yake. Mimi sitaki wazee wenu waache nidhamu, nataka waimalizie, maana wameishia nusu.

Chukua Biblia yako fungua Walawi 20:10, halafu Kumbukumbu la Torati 22:22. Hiyo ni Torati, kali kuliko kamati yoyote ya wazee ninayoijua, na kote kule wametajwa wawili, mwanamume na mwanamke. Sasa nenda Yohana 8, waandishi na Mafarisayo wanamleta mwanamke asubuhi hekaluni wanasema kafumaniwa akizini, na wanajidai wanafuata Musa. Musa yupi? Musa alisema wawili, wao wamekuja na mmoja, mwingine wamemwacha aende zake, kwa hiyo hata kabla Yesu hajainama kuandika chini ile kesi ilikuwa tayari imeshaharibika kwa sheria yao wenyewe.

Lakini inayonichoma mimi zaidi ni Mwanzo 38. Yuda anaambiwa mkwewe Tamari ana mimba ya ukahaba, na hapo hapo bila kuuliza swali anasema mtoeni ateketezwe. Tamari anatuma vitu vitatu, muhuri, kamba yake na fimbo, anasema mwenye hivi ndiye mwenye mimba. Vilikuwa vya Yuda. Yaani hukumu ya moto ilitolewa na mtu aliyeshiriki lile lile tendo, na kilichofanya yeye awe hakimu na mwenzake awe mshitakiwa ni tumbo tu. Tofauti ya Yuda na wanaume wengi wa leo ni kwamba alivyoviona vile vitu alikubali mbele za watu, akasema huyu mwanamke ana haki kuliko mimi.

Na hapo ndo penye ugonjwa wetu mama. Tunaadhibu tumbo. Dhambi yenyewe hatujaigusa, tumegusa kile kinachoonekana. Angalia hata ile kawaida ya makanisa mengi ya kumpeleka binti zahanati apimwe mkojo kabla ya ndoa, karatasi ya majibu apelekewe mama wa kanisa, kijana anasubiri nje kwenye pikipiki, yeye hapimwi chochote maana hamna kipimo kitakachomwonesha. Nimewahi kukaa kwenye kamati kama hiyo na naomba niliseme hapa kwa sababu limenikaa miaka mingi. Tulikuwa na mabinti wawili mwaka ule ule. Mmoja karatasi yake ilikuja safi, akavaa shela, akaingia na matarumbeta, tukapiga vigelegele. Wa pili alikutwa na mimba ya miezi minne, tukamnyima. Siku ya ndoa yake nilikuta kwenye chumba cha kubadilishia shela lake limekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, limewekwa chini ya benchi. Alikuja nalo. Alitegemea mpaka dakika ya mwisho kwamba labda mmoja wetu angemwonea huruma. Bwana harusi alikuwa nje na ua lake kwenye koti. Baadaye sana, yule binti wa kwanza alikuja kwangu analia, akaniambia alikuwa na mimba na yeye, aliitoa wiki tatu kabla ya kipimo kwa sababu aliogopa kunyimwa shela.

Sasa niambie tulilinda nini sisi wamama. Aliyeua tulimvika nyeupe, aliyeogopa kuua tulimvua. Na sisi ndo tunaosimama kila mwaka kuhubiri kwamba uhai ni wa Mungu tangu tumboni. Sijawahi kugusa karatasi ya kipimo tena tangu nisikie hilo na nikamwomba yule binti wa pili msamaha nyumbani kwake, mtoto wake akiwa darasa la tano.

Tunalaumu sana dunia kwamba ina vipimo viwili, lakini kwa hili serikali imetutangulia. Zamani binti akipata mimba shuleni alifukuzwa, kwa kutumia kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu kufukuza kwa kosa dhidi ya maadili, na kama aliyempa mimba ni mwanafunzi mwenzake mara nyingi yeye alibaki akafanya mtihani. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, anayempa mwanafunzi mimba kifungo miaka 30, halafu Novemba 2021 ikatangazwa kwamba wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi darasani. Nakumbuka wengi wetu makanisani tuliuliza je huku si kuhalalisha zinaa? Na mimi niliuliza. Lakini hatukuwahi kuuliza kwa sauti ile ile wakati yule wa kiume anabaki darasani.

Kwa hiyo fanya hivi. Usihame, na usilipeleke kwenye grupu la WhatsApp la usharika maana litaharibika hapo hapo. Nenda na baba yao, kama hayupo nenda na kaka yako, muone mchungaji ofisini siku ya kazi, na huyo kijana aje na wajomba zake wale wale walioleta posa. Msiombe binti apunguziwe. Ombeni kijana aongezewe, kwamba jina lake nalo lisomwe, naye akae pembeni na kinanda, na siku ya kutubu wasimame wote wawili mbele bega kwa bega na warudishwe kundini siku moja. Kama kijana ana moyo wa kweli hilo atalitaka yeye mwenyewe, na kama atakataa hapo utakuwa umejua jambo kubwa kuhusu mkweo mtarajiwa kabla ya ndoa. Wakisharudishwa kundini muulizeni mchungaji kwa heshima, hivi mtu aliyetubu na kusamehewa shela linamkatalia nini? Paulo aliyewaambia Wakorintho wamtoe yule mzinzi kati yao, ambaye alikuwa mwanamume, ndo yule yule anayesema kwenye barua ya pili kwamba aliyeadhibiwa inatosha, sasa msameheni mkamfariji asije akamezwa na huzuni. Mpelekee hiyo, 2 Wakorintho 2.

Na jambo moja la siri, kaa na binti yako usiku mmoja jikoni muulize kama anamtaka huyu kijana kweli au anataka tu kufunika tumbo. Mtoto anaweza kuzaliwa na kulelewa na bibi yake, ndoa ya kuficha aibu ndo inayokuja kuzaa aibu nyingine.

*Mama Mlezi, mi ni kaka nafanya kazi ofisini Dodoma. Nimeokoka na situmii pombe. Ofisini tukichanga sherehe mi natoa, lakini nikisema hela yangu isiende kwenye bia naambiwa mlokole, najifanya mtakatifu, nahukumu wenzangu. Mwenzangu Muislamu akisema hanywi na hali nguruwe wanamwagizia kuku na soda kwa heshima zote. Kwa nini imani yake iheshimiwe na yangu ichekwe?*

Mwanangu hilo lipo, silipingi, nimelisikia kwa watu wengi na linaumiza kwa sababu anayekucheka mara nyingi ni Mkristo mwenzako, kabatizwa kama wewe. Lakini hebu tulitazame vizuri. Huyo ndugu yetu Muislamu wanamheshimu kwa sababu wamemwona Ramadhani mwezi mzima mchana hagusi hata maji, na wamewaona Waislamu wengine nao wako hivyo hivyo, kwa hiyo hawana haja ya kumjaribu. Sisi wenzako ndo tumekuharibia. Hapo ofisini wanamjua mzee wa kanisa anayekunywa, wanamjua mwanakwaya aliyelewa kwenye sendofu ya dada yake, sasa ukija wewe na msimamo wako wanaona unajitungia tu dini yako peke yako. Kabla hatujalalamika kwamba jamii haituheshimu inabidi tukubali kwamba tumewachanganya wenyewe.

Halafu niulize, unakataaje? Maana kuna kukataa na kuna kuhutubia. Danieli kule Babeli hakusimama mezani kuwatangazia wenzake kwamba chakula cha mfalme ni najisi, alikwenda kwa yule msimamizi akamwomba taratibu, tupe mtama na maji siku kumi, halafu utuangalie. Wewe mfuate mweka hazina wa mchango mapema, mwambie elfu ishirini yangu naomba inunue nyama na soda, basi, mpe hela mkononi uondoke. Na siku ya sherehe nenda, kaa mpaka mwisho, na anayelewa mpeleke nyumbani salama. Ukifanya hivyo mara tatu nne watakuwa wanakutafuta wao, na jina la mlokole watalitamka tofauti.

*Kanisa letu tumeandikiwa barua tupunguze spika za mkesha, baa ya mtaa wa pili inapiga muziki mpaka alfajiri. Haki iko wapi? – Mwinjilisti, Dar es Salaam*

Mwinjilisti, kanuni za kelele za mwaka 2015 hazisemi kelele ya nani, zinasema ni kiasi gani na ni saa ngapi, na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wamewahi kufungia baa pia, mwaka 2022 walizifungia nyingi tu. Kwa hiyo kama hiyo baa inazidisha andikeni malalamiko, mna haki hiyo kama raia wengine, ila andikeni mkiwa mmeshapunguza za kwenu. Jirani yenu mwenye mtoto mchanga haoni tofauti ya bezi ya baa na bezi ya mkesha saa tisa usiku, na huyo huyo ndiye mnayetaka aje kanisani.

*Shikamoo mama. Nina miaka 27, ni mwanaume, sijawahi kulala na mwanamke, nasubiri ndoa. Dada yangu ana msimamo huo huo na ukoo mzima unamsifia, mimi kijiweni wananiambia nina matatizo niende hospitali, hata baba mdogo juzi kanipa elfu kumi akasema nikajaribu nisije nikamtia aibu. Nimeanza kujiuliza kama kweli niko sawa. – Mbeya*

Marahaba mwanangu. Uko sawa, tena sana. Hiyo elfu kumi ya baba mdogo imeniuma kuliko barua zote za mwezi huu, kwa sababu ni pesa ile ile ambayo kama kijana mwingine angeitumia kwa binti yake yeye, angechukua panga. Kwa binti tunalinda, kwa kijana tunasukuma, halafu tunashangaa mabinti wanaharibiwa na nani. Anayemharibu ni huyo tuliyempa nauli.

Yusufu aliuzwa Misri akiwa kijana wa miaka 17, hana baba karibu, hana kanisa, hamna ambaye angejua, na mke wa bosi wake anamshika nguo kabisa. Alikimbia akaacha vazi mkononi mwa yule mama. Hakuna mahali Biblia inasema Yusufu alikuwa na matatizo ya hospitali, aliingia gerezani kwa ajili ya hilo na Mungu akawa naye humo gerezani.

Hela mrudishie baba mdogo, kwa mikono miwili, mbele ya baba yako kama inawezekana, useme tu asante baba, sina kazi nayo. Usibishane. Dada yako mwambie unayopitia, yeye atakuelewa kuliko wengine na mtaombeana. Kijiweni si lazima uache kwenda kama ni marafiki zako wa kweli, ila wakianza hayo maongezi nyanyuka, na ukitaka kuoa usisubiri mpaka upate nyumba ya vyumba vitatu, tafuta binti, mpeleke kwa wazazi, mkaanze na chumba kimoja.