Viunganishi vya Baiskeli ya Umeme: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Fundi mgeni hukimbilia betri na mota, ilhali hitilafu nyingi za baiskeli ya umeme, hasa zile zinazotokea na kupotea, chanzo chake ni viunganishi vya waya. Kiunganishi kinachopitisha ampea 20 kikiwa na ukinzani wa omu 0.01 tu hutoa joto la wati 4 mahali padogo sana; joto hilo hulegeza pini, ukinzani ukaongezeka, joto likazidi, mpaka plastiki ikayeyuka. Kwa hiyo baada ya kupanda mlima, zima baiskeli, kisha gusa kiunganishi cha betri kwa nje. Kikiwa cha moto kuliko waya wake, kibadilishe, kwa maana kusafisha hakurudishi ukakamavu wa pini iliyokwisha kulegea.

Usafi wenyewe si mgumu. Ondoa betri kwanza, piga pini kwa brashi laini yenye alkoholi ya isopropili, uache zikauke kabisa. Msasa usiutumie, maana huondoa utando wa madini unaozuia kutu. Kisha paka grisi ya silikoni, kidogo tu, kwenye mpira wa kuzuia maji. Wapo wanaoijaza ndani wakidhani inasaidia kupitisha umeme. Grisi hiyo haipitishi umeme, kazi yake ni kuzuia unyevu.

Kiunganishi cha mota kinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa waya nene za mota hukaa bega kwa bega na waya nyembamba za vihisi, yaani vifaa vinavyotambua mota ilipo katika mzunguko wake, vinavyotumia takriban volti 5. Pini moja ikipinda ikagusa jirani yake, umeme mkubwa unaweza kuingia kwenye vihisi na kuunguza kontrola, kifaa kinachoongoza umeme unaokwenda kwenye mota. Linganisha mishale iliyochorwa pande zote mbili, sukuma moja kwa moja bila kuzungusha, na unapochomoa shika mwili wa kiunganishi, kamwe usivute waya.

Maji nayo hufuata waya. Acha waya ulegee na kuning'inia chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kiunganishi, ili matone yadondokee hapo. Usioshe baiskeli kwa mashine ya maji ya shinikizo. Utepe wa kuhami uliozungushwa juu ya kiunganishi chenye unyevu, ambao wengi huuona kuwa kinga, hufungia maji ndani. Ukiukuta kwa mteja, ubandue kabla ya kupima chochote.