Niezue paa wiki hii au nisubiri?

Swali: Shikamoo mzee. Nimeshanunua bati mpya na fundi anataka kuanza Jumatatu, wiki hii ya mwisho wa Septemba. Yeye anasema vuli bado sana. Jirani ananitisha, eti mvua iliwahi kumkuta ameezua nyumba nzima mwanzoni mwa Oktoba. Nikiangalia utabiri, kila siku maneno ni yaleyale: mawingu kiasi, mvua nyepesi katika maeneo machache na vipindi vya jua. Huku kwetu halidondoki hata tone. Nimsikilize nani? (Mama wa Tabata)

Jibu: Marahaba mama. Wote wawili wana hoja, ndiyo tabu ya wiki hizi.

Jarida hili linakwenda mtamboni siku kadhaa kabla ya kukufikia, kwa hiyo usitegemee nikwambie Jumatano itanyesha au la. Hilo lichukue kwenye utabiri wa saa 24 wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Mimi nitakueleza namna ya kuusoma, maana nimepima mvua miaka mingi na najua watu wanavyougombeza bure.

Ule mstari haukuandikwa kwa ajili ya Tabata. Soma mwanzo wake: mikoa ya Dar es Salaam, Tanga na Pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, halafu visiwa vya Unguja na Pemba. Sentensi moja imebeba pwani yote kutoka mpaka wa Kenya hadi Rufiji. Ikinyesha Pangani na Bunju, na wewe nguo zako zikakauka kambani, utabiri umetimia. Hata ndani ya jiji wingu la mwezi wa kumi lina upendeleo: Mbagala watu wanakimbilia vibarazani, Mwenge vumbi linatimka.

Kinachoendelea ni hiki. Kusi, iliyotupulizia tangu kama Aprili, inalegea. Jua limevuka ikweta kuja upande wetu, na ukanda wa mvua unalifuata nyuma kwa kuchelewa. Hapo ndipo pepo za kaskazini na za kusini zinapokutana na hewa kupanda juu. Kwetu hufika Oktoba kuelekea Novemba, ndiyo sababu TMA huhesabu vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kabla haujafika, bahari inatuletea vimvua vyake. Mawingu yanajikusanya juu ya maji usiku, yanaingia nchi kavu alfajiri, yanamwaga dakika ishirini, na saa tatu asubuhi jua linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mchana mawingu yanahamia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe.

Kwa hiyo fundi akigonga misumari mchana hana cha kuogopa sana. Hatari yako ni usiku, wakati yeye amekwenda kwake na wewe umelala chini ya nyota.

Na usidharau hiyo "mvua nyepesi". Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya mita za mraba 80, inyeshe milimita 5 tu, kiasi ambacho mtu hata mwavuli hafungui: hizo ni lita 400, ndoo kubwa 20, juu ya dari yako ya jipsamu. Jipsamu ikishalowa inajaa matumbo, kisha inashuka.

Jirani akikwambia mwaka huu wametabiri vuli ya chini ya wastani, hiyo ni jumla ya miezi mitatu. Vuli kavu nayo inaweza kukumwagia usiku mmoja na kutoweka wiki tatu. Na kuna miaka inayokuja kwa fujo: vuli ya 2019, bahari ya Hindi upande wetu ilipopata joto kupita kawaida, na ile ya 2023 yenye El Niño. Mafuriko ya Desemba 2011 nayo mnayakumbuka, watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande.

Mimi ningeanza Jumatatu. Kusubiri hakukusaidii: kila wiki unayosogeza mbele unaikaribia mvua, na ukiikosa nafasi hii ukavu mwingine wa maana ni Januari na Februari. Ila masharti ni yako, si ya fundi. Asiezue nyumba nzima. Upande mmoja, akague mbao za kenchi na papi zinazobeba bati, apandishe bati mpya, amalize kabla ya magharibi. Kofia ya juu kabisa, lile bati linalofunika mgongo wa paa, mafundi hupenda kuiacha "hadi kesho". Mvua ya alfajiri hupita hapo hapo katikati ya nyumba. Turubai liwe limeshafika siku ya kwanza, lisiwe la "tutaazima". Atalalamika kwamba kazi imeongezeka siku. Mlipe hiyo siku, jipsamu ni ghali zaidi.

Kila jioni tazama kama kuna angalizo, ile rangi ya njano. Likitajwa la mvua kubwa, yaani zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, kesho yake hakuna bati linalotoka.

Swali: Mwanangu anasoma Uingereza, anasema huko majani yameanza kupukutika na baridi inaingia. Sisi mbona joto linapanda? (Baba wa Ukonga)

Jibu: Kwa sababu jua linalowakimbia wao linakuja kwetu. Tarehe 10 au 11 Oktoba litakuwa juu ya utosi wa Dar. Simamisha kijiti wima kwenye saruji, saa sita na dakika kumi hivi mchana, utafute kivuli chake. Hutakiona. Mwambie kijana anunue koti.

Swali: Kusi imepungua. Naweza kuwapeleka watoto kisiwani Mbudya wikiendi? (Kaka wa Tegeta)

Jibu: Unaweza, na ni majira mazuri kuliko Julai. Ondokeni Kunduchi asubuhi na mapema, maana upepo wa baharini huongezeka mchana, na msisubiri jioni kurudi. TMA wakitangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ahirisheni, hata kama nahodha anasema ameshazoea. Jaketi za kuokolea wavae watoto wakiwa bado ufukweni, na uangalie mwenyewe kama zinawakaa. Nyingi nilizoona kwenye mashua zetu ni za watu wazima. Mtoto wa miaka mitano anachomoka kwa chini.