Jibu: Jengo-daraja la chuo, lifungwe pande zote mbili?

Habari mkuu. Umeuliza kama jengo-daraja lako la chuma, yaani njia ya juu ya mita 24 inayounganisha maktaba na madarasa hapa Arusha, lifungwe boliti pande zote. Usifunge zote! Shika upande mmoja, mwingine ukalie beringi za kuteleza, yaani vikalio vinavyoruhusu chuma kusogea, na uache mwanya kati yake na jengo. Joto likipanda nyuzi 20, chuma hicho hurefuka karibu milimita 6. Tetemeko linadai mwanya mkubwa zaidi, maana kila jengo huyumba kivyake; mitetemeko ya upande wa volkano ya Ol Doinyo Lengai mwaka 2007 ilisikika hadi mjini. Kwetu tulibana mwanya, sakafu ya terazo ikapasuka mlangoni, ufa wa kuingiza kidole. Iliniuma sana. Ukubwa wa mwanya akupigie hesabu mhandisi, kabla hujaendelea kuchora.