Maneno ya Kiingereza ya kutafuna: yajifunze kwa meno na masikio

Wanafunzi wengi ninaowafundisha Kiingereza huja na "eat" na "chew", basi. Wakikutana na "munch", "nibble" au "gnaw" kwenye hadithi, wanafungua kamusi, wanaona yote ni kula au kutafuna, wanaendelea mbele. Utamu wa sentensi umewapita hapo hapo. Ushauri wangu: usiyakariri maneno haya kama orodha ya visawe. Kila moja liulize meno yanafanya nini na sauti gani inatoka.

Biskuti kavu moja inatosha kwa somo zima. Darasani humpa kila mtu yake na kumwambia afumbe macho. Meno yakikutana mara ya kwanza, ile sauti ya kitu kikavu kuvunjika ndiyo "crunch". Biskuti ikishalowa mate, sauti inafifia na magego yanabaki na kazi yake ya kawaida: hiyo ni "chew". Anayetafuna kwa raha, taya zikienda mfululizo mpaka jirani anamsikia, huyo "is munching". Kisha nawaambia wamege ukingoni kwa meno ya mbele, vipande vidogo vidogo kama panya, na "nibble" inajieleza yenyewe. Baada ya zoezi hilo ni nadra mtu kuyachanganya tena.

"Gnaw" haina haja ya biskuti, maana tunayo kuguguna: mbwa na mfupa wake. Kumbuka tu kwamba herufi g haitamkwi. Nalipenda neno hili kwa sababu linaingia hadi moyoni. "A gnawing doubt" ni shaka inayomla mtu ndani kwa ndani. Kufakamia na kubugia nako kuna wenzake, "gobble" na "wolf down". Hilo la pili limechukua jina la mbwa mwitu likalifanya kitenzi, na kweli unamwona mlaji asiyepoteza muda kutafuna.

Usiache kuangalia kijineno kinachofuata kitenzi. "Pick at" ni kudonoadonoa chakula bila hamu, na mwandishi akilitumia, mara nyingi mhusika ana huzuni, hofu au ugonjwa. "Chew over" haihusu chakula kabisa. Ni kulitafakari jambo taratibu. "Snack" ukilitumia kama kitenzi hufuatwa na "on", kisha kile kitafunwa chenyewe.

Kwenye kula kupita kiasi, tafadhali nenda polepole, kwa kuwa maneno haya yanaumiza. "Overeat" halina ukali, unaweza kulisema hata mbele ya daktari. "Pig out" ni la marafiki, na ni salama zaidi ukijisema mwenyewe. Ukimwelekezea mwingine, umemfananisha na nguruwe. "Glutton" ni mlafi, yaani umeshatoa hukumu.

Zito kuliko yote ni "binge". Zamani lilihusu ulevi, na siku hizi hutumika hata kwa kutazama tamthilia mfululizo usiku kucha. Lakini "binge eating disorder" ni ugonjwa, uliopewa nafasi yake kamili mwaka 2013 katika DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, na mara nyingi hula kwa siri kwa sababu ya aibu. Usimtanie mtu kwa neno hilo. Hujui anapambana na nini.

Na ukishiba mezani kwa watu? "I'm full" linafaa karibu kila mahali. "I'm stuffed" liweke kwa mliozoeana. "I've had enough" linataka sauti ya upole, kwani likitoka kwa ukali linamaanisha umechoshwa na watu, wala si chakula. Tanguliza "thank you, it was delicious", na mwenyeji hatakuwa na shaka.