Kuchonga tufe kwa mkono: anza na pembe

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kwa nini tufe lako la mpingo linabaki na pembe na patasi inateleza. Weka mpingo kando kwanza, ni mgumu mno kwa anayeanza. Tafuta mwembe mkavu. Uchonge uwe mchemraba, chora mstari wa katikati kila upande, kisha ondoa kona: ukiutazama kutoka upande mmoja, kingo 4 za umbo ziwe 8, 8 ziwe 16. Mistari hiyo usiiguse mpaka mwisho, ndiyo inayolinda umbo. Kata ukishuka kutoka palipoinuka. Ukipandisha, nyuzi za mti zinachanika. Na mkono unaoshika usikae mbele ya makali, nakusihi! Zungusha kazi kila mara, usimalize upande mmoja. Tupa, kile chuma chenye meno cha kukwangulia, ifuate, halafu msasa.